Mgeni Alipomuuzia Mgeni

Ndugu zangu wa Namkuyu, na nyinyi wa Mikindani na Mtwara mjini, na hata nyinyi mlioko ng'ambo mnaotazama picha za ufuko wetu kwenye simu na kutamani kuja kujenga: kaeni kitako niwaeleze jambo lililotokea kijijini kwetu, huku kati ya Msimbati na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Silielezi kwa umbea. Umbea wake tuliumaliza zamani, tukauchoka wenyewe. Nalieleza kwa sababu juzi nimeona tena picha ya ufuko wetu imewekwa mtandaoni, chini yake pameandikwa "inauzwa", na ufuko huo una wenyewe.

Mimi naitwa Halima, mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Wapo wanaosema nina mdomo. Ninao, na siku ile ulifaa.

Nyumba ninayoisema ni ya Bi Nuru, mwisho wa kijiji, upande wa mikoko. Mbele ipo nyumba ya bati anayokaa binti yake Asha na mumewe Ismaili. Nyuma yake ipo ya Bi Nuru mwenyewe, ndogo, ya makuti. Kuzizunguka zote mbili ni mikorosho na minazi iliyopandwa na mama yake Bi Nuru, ambaye kaburi lake liko palepale, kando ya mikorosho. Ungepita asubuhi ungemkuta Bi Nuru anafagia majani, Asha ameinjika ming'oko, viazi pori vya kwetu, jikoni, na mjukuu Amina anatafuta kiatu kimoja cha shule huku anaimba. Ismaili alikuwa anaendesha pikipiki ya abiria. Akirudi jioni alipiga hodi hata kama mlango uko wazi, kwa heshima ya mkwe, na Bi Nuru aliitikia kutoka nyuma ya nyumba:

"Karibu nyumbani, mwanangu."

Lishikeni neno hilo. Tutalirudia.

Sasa wageni wanaonisikiliza niwaeleze kidogo, wenyeji mnivumilie. Kwetu kusini, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao walio wengi, ardhi ya ukoo hufuata tumbo la mama. Mume huja kwa mke. Ismaili alitoka Newala, akaja kuoa, akakaribishwa. Mtu akikaribishwa hupewa pa kujenga na pa kulima. Alime mihogo, kunde, mchicha, apendacho. Kitu kimoja tu hafanyi: hapandi mti wa kudumu. Muhogo hung'olewa ukaliwa, yakaisha. Mnazi hubaki ukidai. Anayepanda mnazi anasema "hapa ni pangu", hata kama mdomo ameufunga. Hili kila mtoto wa Namkuyu analijua kabla hajajua kuhesabu.

Nyumba hiyo ilikuwa na amani. Si utajiri, amani. Ndipo akaja Frank.

Frank alikuwa dalali wa mtaa wa Ufukoni, Mtwara mjini, kijana wa viatu vyeupe na maneno mengi. Alikuja kupiga picha bahari, akamkuta Ismaili anafuta pikipiki yake.

"Kaka," akamwambia, "wewe hapa ni mwenye nyumba au mpangaji?"

"Mpangaji wa nani?"

"Wa mkweo. Unapiga hodi kwenye mlango wako mwenyewe! Mwanaume mzima. Wenzako wanaendesha Noah mjini, wewe unavuta vumbi la Msimbati."

Ismaili alicheka, lakini hakulisahau. Najua hakulisahau kwa sababu tangu siku ile hodi yake ilipungua sauti. Na mimi nasema hivi: mtu akitaka kukuibia, kwanza hukufanya ujione mnyonge. Ismaili hakuwa mnyonge. Alikuwa na mke anayempenda, mtoto mwenye akili, na mkwe anayemwita mwanangu. Vyote hivyo vikageuka kuwa aibu kwa maneno ya mtu mmoja mwenye viatu safi.

Miezi haikupita mingi, Frank akamleta mama mmoja wa Kizungu, muuguzi mstaafu kutoka Denimaki. Jina lake Birgit. Sisi tulisikia Bi Rigiti, tukaona ni mtu mwenye adabu, kaja na heshima yake kabisa. Hadi leo ndilo jina lake. Kiswahili alikuwa amejifunza kwao, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi, hata "naam" alisema. Aliwahi kupumzika Mikindani zamani, akaipenda pwani hii, akaapa uzee wake ataumalizia huku.

Asha alimpokea kama anavyopokewa mtu. Alimpa kiti kizuri, chai, ming'oko yenye moto, akamwambia, "Karibu sana, Bi Rigiti. Hapa ni kwako."

Bi Rigiti akatazama bahari, akatazama minazi, machozi yakamlengalenga. "Asante. Ni kwangu," akasema. Asha akafurahi kwa jibu zuri vile.

Mnaona palipoanza kuharibika?

Yaliyofuata yalifanyika Ufukoni, mbali na macho yetu. Ismaili alimuuzia Bi Rigiti nyumba, mikorosho na eneo lote mpaka mikokoni. Bi Rigiti, ambaye si mjinga, aliuliza kama mgeni asiye raia anaruhusiwa. Frank akamjibu kwamba hilo ni dogo: karatasini litabaki jina la Ismaili, lakini atakayeishi ni yeye. Akauliza kama haifai kupita ofisi ya kijiji. Frank akasema ofisi za vijijini zinachelewesha mambo. Akauliza tena, yule bibi wa nyumba ya nyuma ni nani?

Hapo Ismaili alijibu mwenyewe. Ndugu zangu, hapa ndipo ninapopandwa na hasira hata leo. Alisema, "Yule ni mlinzi wa shamba. Msimu wa korosho ukiisha ataondoka."

Mkwe wake. Aliyemwozesha binti yake, aliyemwogesha Amina akiwa mchanga. Mlinzi wa shamba! Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hakuiti mlinzi.

Nyumbani alikuwa na maneno mengine. Alimwambia Asha kwamba Bi Rigiti atapanga nyumba ya mbele, nao wahamie Rahaleo kwa muda ili Amina asome mjini. Asha hakupenda, ila aliona shule. Wakahama. Ismaili akaonekana na gari, akasema ni la tajiri fulani anamwendeshea. Bi Nuru akabaki na mgeni wake, akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye jioni.

Nasi tukafurahi. Bi Rigiti alipolima tuta la mchicha, majirani walimpelekea samadi. Alipopanda nyanya, mimi mwenyewe nilimpa miti ya kuziegemezea. Kila aliyepita alimpungia mkono. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alikuja nalo mwenyewe, tumpendeje tena? Yeye akaona kijiji kizima kimeridhia ununuzi wake. Sisi tukaona mgeni anayejua ugeni. Tulitabasamu kila siku, kila mtu kwa lake.

Kisha akanunua miche ya minazi.

Ilikuwa asubuhi. Bi Nuru alitoka na ufagio wake, akakuta mashimo yamechimbwa kwa mstari, kuanzia mlangoni mpaka karibu na kaburi la mama yake, na Bi Rigiti amepiga magoti anashindilia udongo kwenye mche wa kwanza.

"Bi Rigiti," akamwita taratibu, "nani kakwambia upande minazi?"

"Hakuna, mama. Ninapanda kwangu."

"Kwako?"

"Naam. Nimenunua. Nyumba, miti, na eneo lote." Akasimama, akapangusa mikono, akatabasamu kwa upole, kwa maana alimpenda Bi Nuru kweli. "Nilitaka kukuuliza lakini niliona haya. Je, mama, utahama lini?"

Bi Nuru aliniambia baadaye kwamba alidhani ni Kiswahili cha Kizungu kimekosea mlango. Akamwomba arudie. Bi Rigiti akarudia, kwa ufasaha uleule, akaongeza kwamba hana haraka, na kwamba Ismaili alimweleza kuwa yeye ni mlinzi.

Ufagio ukamtoka mkononi. Akaketi pale pale juu ya majani aliyokuwa akiyafagia. Bi Rigiti, muuguzi, akamkimbilia, akamshika mapigo ya mkono, akaita msaada. Nilipofika niliwakuta wote wawili chini, mmoja analia, mwingine hajui kinacholiliwa.

Tulimpigia Asha simu, tukamweleza. Alifika na pikipiki ya kukodi kutoka mjini, kanga imemshuka begani na hajui. Akamwona mama yake, akaona miche. Hakuuliza mengi.

"Mama yangu?" akasema. "Ismaili kamwita mama yangu mlinzi?"

Nilitaka kumshika, akanisukuma. Akaenda akasimama kwenye kaburi la bibi yake, akalia kwa sauti. Asha hakuwa akililia gari wala nyumba ya bati. Alililia kwamba akifa mama yake, asingekuwa na mahali pa kumlaza kando ya kaburi lile. Na kwamba Amina angekua hana pa kusema "kwetu". Hilo ndilo lililokuwa limeuzwa.

Baraza liliitishwa chini ya bati la ofisi ya kijiji. Mtendaji wetu ni Bwana Filipo, mzaliwa wa Kigoma, Mkristo mstaarabu ambaye tangu aje hajatuingilia mila zetu bila kuuliza kwanza. Aliposema kwamba mauzo hayo hayakuwahi kufika ofisini wala kwenye mkutano wa kijiji, na kwamba mgeni asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi kwa kujificha nyuma ya jina la mtu, nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Frank alikuwapo, na Frank hakuishiwa.

"Waheshimiwa," akaanza, "tusimtishe mama wa watu. Ismaili ni mume. Mume ndiye kichwa cha familia. Kichwa kikiamua, kimeamua."

"Kichwa tunakiona," nikamjibu. "Tunaulizia miguu. Imesimama kwenye ardhi ya nani?"

Watu wakacheka. Frank akageuka kwa Bi Rigiti, akamwambia aseme alichoambiwa na mke mwenyewe. Bi Rigiti akasimama, uso umemwiva.

"Asha aliniambia kwa mdomo wake: karibu, hapa ni kwako. Nilimwamini."

Pakawa na kicheko kingine, kisha kikakatika chenyewe, kwa sababu mtu alikuwa anasema kweli.

"Nilisema, ndiyo," Asha akajibu. "Bi Rigiti, hilo nawaambia hata wauza mitumba wakipita. Tunamwambia hivyo mtu akae asione ugeni. Hatumaanishi achukue."

Bi Rigiti akakaa. Ndipo Bi Nuru akaomba aseme. Hakumtazama mkwewe usoni, adabu hairuhusu. Alitazama chini, akaweka kanga sawa, akauliza kwa sauti ambayo ilibidi wote tunyamaze kuisikia.

"Baba Amina. Ulipokuja kwetu uliomba nini?"

"Niliomba mke, mama." Ismaili akajibu. " Na pa kulaza ubavu."

"Nani alikupa?"

"Wewe, mama."

"Miaka yote hiyo, umepanda mti gani?"

Ndugu zangu, swali lile halikuwa na mlango wa kutokea. Ismaili alimtazama Frank, Frank akatazama viatu vyake.

"Sikupanda," akasema Ismaili. "Nilikuwa mkaribishwa."

Bi Rigiti aliinua kichwa. Alikuwa anafuata kila neno, midomo inacheza. Akasema polepole, "Kwa hiyo yeye ni mgeni. Mgeni aliniuzia mimi, mgeni, nyumba ya mwenyeji."

"Sasa umekijua Kiswahili," nikamwambia, na sikusema kwa kejeli.

Hapo akalia. "Niliuza nyumba ya mama yangu ili nije hapa," akasema. Wengi walikuwa tayari kumcheka au kumfukuza, lakini Bi Nuru alinyanyuka, akaenda akamshika mkono.

"Ya mama yako umeiuza mwenyewe, ya mama yangu kaiuza mwingine. Twende tukanywe chai. Hawa watamaliza."

Tukamaliza. Baraza lilisema wazi kwamba eneo ni la Bi Nuru na uzao wake wa kike, na kwamba yaliyofanyika Ufukoni si mauzo. Bwana Filipo akampeleka Bi Rigiti polisi kushtaki. Ismaili alisalimisha gari bila kubisha, likawa la Bi Rigiti. Alichochukua Frank hakijarudi. Siku mbili tatu baadaye simu yake haikupatikana, na viatu vyeupe havijaonekana tena. Bi Rigiti aliumia, siwafichi. Lakini hakuondoka. Amepanga nyumba ya mawe Mikindani, kwa mkataba alioupitisha kwa mwanasheria na kibali cha kuishi mkononi. Kila wiki huja Namkuyu na gari lile kupalilia mchicha wake.

Na ile miche ya minazi? Bi Nuru hakuitupa. Alimwita Amina, akamwambia aung'oe uliopandwa, kisha aipande yote mmoja mmoja kwa mikono yake mwenyewe, shimo jipya, mbali na kaburi. Bi Rigiti alishika ndoo ya maji akamfuata nyuma. Sasa ni minazi ya Amina, na nimesikia mwenyewe mtoto akimwahidi Bi Rigiti dafu la kwanza.

Ismaili alibaki Rahaleo peke yake. Asha alisharudi kwa mama yake, hakudai talaka wala hakumtafuta. Jioni moja akaja. Alisimama nje ya mlango ulio wazi, akapiga hodi kama zamani.

Bi Nuru akaitikia kutoka nyuma ya nyumba:

"Karibu, mgeni."

Nilikuwapo, nimekwenda kuomba chumvi. Niliona neno lile lilivyompiga. Alitolewa kiti kizuri, kile alichokalia Bi Rigiti siku ya kwanza. Amina aliambiwa amletee mgeni maji, akayaleta kwa mikono miwili, akapiga goti. Asha akampakulia yeye kwanza. Hakuna aliyemgombeza. Polisi walimhoji, baraza lilimkemea mbele ya watu, na vyote alivistahimili. Heshima ile ndiyo iliyomshinda. Aliweka kikombe chini, akafunika uso.

"Mama," akasema, "nitakuwa mgeni mpaka lini?"

Bi Nuru alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho. "Mgeni siku mbili," akasema.

Siku ya tatu alfajiri, Ismaili alifungua mlango wa chumba cha wageni akakuta jembe limeegemezwa ukutani. Akalichukua, akaenda kupalilia mihogo ya mkwe wake. Ni msimu mzima sasa. Analima vizuri, tuseme kweli. Kila jioni hupiga hodi na kusubiri ataitikiwa neno gani, na mpaka ninapowaeleza haya bado anaitikiwa "karibu, mgeni". Nyumba ipo, kaburi lipo, Amina ana kwao. Neno lile moja ndilo halijarudi.

FUNZO

Wewe uliyekaribishwa, usiuze ulichokalia. Kukaribishwa si unyonge, na anayekwambia ni unyonge mwangalie viatu vyake kwanza. Tamaa ya Ismaili ilimpa gari kwa muda mfupi na kumnyang'anya jina la mwana, na gari unaweza kulipata tena.

Wewe unayetoka mbali kuja kununua na kuhamia kwetu, njoo, pwani hii haina choyo. Ila pita ofisi ya kijiji, ambayo ukiambiwa inachelewesha ujue kuna mtu ana haraka yake. Usikubali kuishi nyuma ya jina la mtu mwingine, sheria yetu haimmilikishi ardhi asiye raia kwa mlango huo. Ipo njia ya uwekezaji serikalini, na ipo njia ya kupanga kama alivyopanga Bi Rigiti. Na kabla ya kumsikiliza mume, muulize bibi wa nyumba ya nyuma ni nani. Muulize yeye mwenyewe.

Nasi wenyeji tusijitoe. Tuliona gari la Ismaili tukanyamaza, tulimwona mgeni tukatabasamu, hatukumweleza mila zetu. Methali inasema siku ya tatu mpe jembe. Haikusema mpe shamba, lakini nani alimfafanulia?

Mkifika Namkuyu, ulizeni kwa Halima. Nitawatilia chai, nitawaambia "karibuni, hapa ni kwenu", na nitakuwa namaanisha viti.